Barua pepe ya asali mpya

Jioni yote imeishia kwenye barua pepe moja fupi. Mzigo mpya umeingia kutoka Sikonge, Tabora, madumu yamejaa stoo, na shangazi anataka wateja wajue mapema. Kazi hii naipenda, kwa sababu asali yenyewe naiamini.

Kabla ya kuandika chochote nimeifungua ile kaunta buku tuliyokuwa nayo bandani kwenye maonyesho ya Sabasaba. Walioandika anwani zao humo walionja kwa kijiko, wakauliza bei, wengine wakabeba chupa. Hao ndio ninaowaandikia, na sentensi ya kwanza inawakumbusha hivyo: "Ulionja asali yetu Sabasaba." Kuna kijana amekuja kutuuzia orodha ya maelfu ya anwani, nikakataa. Asiyetufahamu atatuweka kwenye barua taka, na wakifanya hivyo watu wa kutosha, barua zetu zitaanza kutupwa huko zenyewe, hata mteja anayetusubiri atatukosa. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na anwani ya mtu ni taarifa yake.

Shangazi alitaka viingie vyote. "Mwanangu, weka na asali ya nyuki wadogo, weka nta, na zile sabuni." Nikamwambia, "Shangazi, safari hii tuwaombe jambo moja tu, waagize chupa ya kilo." Mtu anayesoma simu ndani ya daladala akikutana na bidhaa nne na bei nne, anasema nitaangalia baadaye, na hiyo baadaye haifiki. Hakufurahi sana, ila amekubali sabuni zisubiri barua yao.

Kichwa cha barua nimekifuta na kukiandika tena mpaka kikabaki "Asali mpya ya Sikonge imefika." Simu hukata vichwa virefu, kwa hiyo neno asali limekaa mbele kabisa. OFA kwa herufi kubwa na alama za mshangao sizitaki. Hatujapunguza bei, na sitamwita mtu kwa punguzo ambalo halipo.

Kilichonichukua muda zaidi ni aya ya katikati. Malalamiko tunayoyapata mara nyingi ni haya: "Mbona imeganda? Mmechanganya sukari?" Nimeona hapo ndipo pa kulijibu swali hilo, tena kwa utulivu, kwa sababu mwenye wasiwasi huo hanunui chupa ya pili hata ukimpamba vipi. Nimeandika hivi:

"Asali halisi inaweza kuganda, hasa kwenye baridi, kwa sababu ina glukosi ambayo hujitenga na kuwa chembechembe. Haijaharibika. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, uiache ilainike taratibu. Usiichemshe, itapoteza harufu yake. Na tafadhali, mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe asali."

Shangazi aliuliza kama ule mstari wa mtoto hautafukuza wateja. Mimi nauacha ubaki. Mama atakayeusoma atajua tunamjali kuliko tunavyoijali pesa yake, na kwa kweli ndivyo ilivyo.

Mengine ni mepesi. Picha moja tu, nimeipunguza ukubwa ili isile bando la mtu. Bei, gharama ya bodaboda kwa walio Dar, utaratibu wa kutuma mzigo kwa basi mikoani, na lipa namba chini yake. Mwishoni kuna kiungo cha kujiondoa, kinachoonekana vizuri. Tangu 2024 Gmail inawadai watumaji wakubwa, wa barua 5,000 na zaidi kwa siku, waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Sisi ni wadogo mno kuguswa na hilo, ila anayetaka kuondoka aondoke bila kusumbuka.

Tutaituma mishahara ikishatoka. Tarehe za ishirini watu wamechacha, hata anayeipenda asali ataisoma na kuifunga. Sitahesabu walioifungua pia, maana tangu 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kuonyesha imefunguliwa hata kama mtu hajaigusa. Nitahesabu wanaojibu na wanaoagiza.

Kesho asubuhi naijaribu kwanza kwenye simu ya shangazi, ile ndogo yenye kioo chenye ufa. Ikisomeka humo bila kuvuta maandishi, naipanga itoke. Na majibu yaende kwenye anwani anayoifungua yeye mwenyewe, kwa sababu watakaouliza kuhusu kuganda watataka kujibiwa siku hiyo hiyo.