Wudang Shan: nilivyopanga, na mlima ulivyonipangua

Mwalimu wetu wa Kichina pale Wuhan, China, ndiye aliyenitia maneno ya Wudang Shan kichwani. Alisema ni mlima mtakatifu wa Watao, wafuasi wa dini ya kale ya Kichina, uko mkoa huu huu wa Hubei, kisha akaongeza kwa kicheko: "Ninyi watu wa Kilimanjaro mtauona kichuguu." Utani huo ndio ulioniponza. Kilele chake, Tianzhu, ni mita 1,612. Mimi ni mtu wa Tanga, na huko Usambara watu wanalima kabichi juu kuliko hapo. Nikauona kichuguu kweli.

Mwanzoni nilikuwa nataka Hua Shan, mlima mwingine, ule wa mbao zilizopachikwa ubavuni mwa jabali, ambao video zake zimezunguka kwenye simu za dunia nzima. Mwenzangu, Mkenya wa Kisumu anayesoma uhandisi, akasema kama ni kufa nitangulie, yeye atapeleka habari nyumbani. Basi tukakubaliana Wudang. Treni ya kasi inatoka stesheni ya Hankou, hapo hapo Wuhan, na inachukua kama saa mbili. Hapo angalia jina vizuri: stesheni ya treni ya kasi inaitwa Wudangshan Xi, yaani Wudangshan Magharibi. Ipo nyingine ya reli ya zamani, nusura tukate tiketi ya huko.

Nililokaa nalo muda mrefu zaidi ni tarehe. Kila aliyeishi China anajua kwamba kuanzia 1 hadi 7 Oktoba, likizo ya sikukuu ya taifa, hutembei popote, nchi nzima iko barabarani. Majira ya joto kuna mvua na ukungu, na baridi ikikolea ngazi zinashika barafu. Nikachagua tuondoke Alhamisi 10 Oktoba 2024, tupande Ijumaa ya tarehe 11, watu wakiwa wamesharudi kazini. Nikajiona fundi. Nilisahau kwamba mlima huu haufuati kalenda ya ukutani kwangu. Mwenye mlima ni mungu Zhenwu, na kwa imani ya Watao alipaa mbinguni siku ya 9 ya mwezi wa 9 wa kalenda ya mwezi. Mwaka ule siku hiyo iliangukia, naam, Ijumaa 11 Oktoba. Mimi niliyekulia kwenye nyumba inayosubiri mwezi kuandama ili ifungue Ramadhani, nimekosaje kuangalia kalenda ya mwezi ya wenzangu? Mpaka leo nachekwa.

Chakula nilikipanga vizuri, hapo najisifu. Wuhan sina shida, migahawa ya tambi ya Wahui, Waislamu wa Kichina, iko kila mtaa. Mlimani sikutaka kubahatisha. Nilibeba tende, karanga na mayai ya kuchemsha, na kwenye simu nikaandikiwa na mwanafunzi mwenzangu sentensi mbili za Kichina: sili nguruwe, wala mafuta yake. Sentensi ya pili ndiyo muhimu, kwa sababu mtu anaweza kukuletea mboga za majani tupu na moyoni anakutakia heri, kumbe zimekaangwa kwa shahamu. Kwa sentensi hizo tulikula mayai ya kukaanga na nyanya, wali, na tofu, siku mbili mfululizo. Maji ya moto ya kunywa hayakosekani China, kwa hiyo chupa ya chai na kipande cha tangawizi vilinitosha. Na Ijumaa je? Msafiri hana Ijumaa, hilo halikuniumiza kichwa.

Malazi ndiyo yaliyotutoa jasho. Chini, kwenye lango kuu, unanunua tiketi kwa pasipoti, na tiketi hiyo inabeba na mabasi ya ndani. Basi linapanda kwa kona mpaka Nanyan, penye nyumba za wageni nyingi, na ukilala pale unaanza kupanda mapema kabla ya wanaotoka mjini. Hesabu nzuri. Nilikuwa nimelipia chumba kwa simu siku kumi kabla. Tumefika giza linaingia, kijana wa mapokezi akaangalia pasipoti zetu, akaangalia kompyuta, akasema hawezi kuandikisha wageni wa nje. Hela atarudisha. Mabasi ya kushuka yalikuwa yanakaribia kukoma. Tulizunguka na mabegi kwa zaidi ya saa moja, tukigonga na kuuliza, mpaka mama mmoja mwenye kinyumba cha vyumba vichache akatuita ndani kabla hata hatujamaliza sentensi. Alijaza fomu yetu ya polisi polepole kwa kidole kimoja. Kwa hiyo ukilipia chumba, piga simu au tuma ujumbe, uliza swali moja tu: mnapokea pasipoti ya kigeni? Usiamini kwamba kwa kuwa hela imepokelewa na wewe umepokelewa.

Asubuhi, baada ya alfajiri, tukaanza na hekalu la Nanyan lenyewe, lililobandikwa kwenye jabali kama kiota cha mbayuwayu. Hapo kuna kichwa cha joka cha jiwe kinachotokeza karibu mita 3 juu ya korongo, na mwishoni mwake kuna chetezo. Zamani mahujaji walikuwa wanatambaa juu yake kwenda kuchoma udi, na wengi walianguka wakafa, mpaka mfalme Kangxi akapiga marufuku mwaka 1673. Mkenya wangu alisimama mbali na ukingo akasema, "Unaona? Huku pia kuna Hua Shan."

Kisha njia ikatushangaza: inaanza kwa kushuka. Unateremka ngazi nyingi hadi kihekalu cha Langmei, na kila ngazi unayoshuka unajua utailipa. Baada ya hapo, pango la Joka la Manjano, na kupanda. Hapa ndipo kabichi za Usambara zilipotoka kichwani. Mlimani kwetu unapanda njia ya udongo, mguu unachagua pa kukanyaga, mwendo unabadilika. Ngazi za jiwe hazikupi nafasi ya kuchagua. Ni kipimo kile kile, misuli ile ile, saa nzima, saa ya pili, na mapaja yanaanza kutetemeka yenyewe kama ya mtu mwenye homa. Kama ningejua, ningefanya mazoezi ya kupanda ghorofa za bweni letu badala ya kukimbia uwanjani.

Na hapo ndipo kosa langu la kalenda lilipogeuka neema. Njia ilikuwa imejaa mahujaji. Wanawake wa makamo ya bibi yangu, mikoba ya njano ya udi mabegani, viatu vya kitambaa miguuni, wakitupita bila kuhema. Wapagazi walibeba mizigo kwa mzegamzega, wengine wawili wawili na machela ya mianzi wakitutazama kwa macho ya biashara. Bibi mmoja alinipa kipande cha tango, akanipigapiga goti, akaendelea na safari yake.

Penye hekalu la Chaotian njia inagawanyika. Moja ilikuwa ndefu kidogo na ya huruma, ya nyakati za ukoo wa kifalme wa Qing, nyingine ni ya ukoo wa Ming uliotangulia, ile ya kale, inayopita Milango mitatu ya Mbinguni. Tulichagua ya Ming kwa kiburi, tukajuta mlango wa pili.

Juu kabisa kuna Jumba la Dhahabu. Ni shaba iliyopakwa dhahabu, la mwaka 1416, enzi za mfalme Yongle. Vipande vilisubiwa Beijing, vikasafirishwa kwa maji, kisha vikapandishwa huku. Baada ya ngazi zile, hilo la kupandishwa ndilo lililonikalisha chini. Ni dogo kuliko nilivyodhani, na ukumbi wake umebanana. Nilipokaribia kizingiti mkono ukaenda wenyewe kwenye kamba za viatu, mazoea ya msikitini. Mtawa mmoja mwenye nywele zilizofungwa kishungi utosini akatikisa kichwa akitabasamu: viatu baki navyo, ila kizingiti usikikanyage, kiruke, na sanamu usizipige picha. Udi sikuchoma wala sikupiga magoti, na hakuna aliyenitazama vibaya kwa hilo. Nilisimama pembeni kama ninavyosimama kwenye ibada ya Mkristo rafiki yangu, mikono mbele, simu mfukoni. Harufu ilinipeleka nyumbani moja kwa moja. Kwenye kona ya chini, kwenye kipande cha jiwe tambarare, nikasali adhuhuri na alasiri rakaa mbili mbili.

Goti la Mkenya likakataa kushuka. Tukakata tiketi ya gari la waya, tukapanga foleni ndefu ya mahujaji, tukateremka kwa raha tukitazama vilele. Chini ndipo nilipokumbuka: gari la waya linashukia Qiongtai, na begi letu liko Nanyan, upande mwingine wa mlima. Ungeweza kuacha mzigo chini langoni, watu wenye akili wanafanya hivyo. Sisi tukapanda basi hadi Taizipo, tukabadilisha, tukapanda tena hadi Nanyan, na treni yetu ikaondoka bila sisi.

Mama mwenye nyumba alikuwa mlangoni. Begi lilikuwa pale pale chini ya meza tulipoliacha, na juu yake ameweka machenza manne. Fomu yetu ya jana alikuwa ameiweka karibu na kompyuta, tayari.