Namba 640 kwenye simu na hakuna wa kumpigia

Mwaka 2019 nilikuwa klaringi, yaani wakala wa kutoa mizigo bandarini, hapa Mombasa, kontena za vigae na vyombo vya umeme kutoka China ndio zilinipa mkate, halafu ikaja ile amri ya serikali ya mizigo ya bara ipande reli moja kwa moja ikatolewe huko huko, kazi zikakauka mjini, ofisi ikapunguza watu na mimi nimo. Nikakaa kwa mamangu Makupa nikafungua simu. Namba 640! Nikapiga kama thelathini hivi na majibu ni yale yale, ntakucheki, tuombe Mungu, hali ngumu kaka.

Nikakasirika wiki nzima, halafu ndo nikashtuka, hawa wote ni maklaringi kama mimi, wimbi lililonipiga mimi limewapiga na wao. Kila jioni tulikuwa kwenye kahawa moja na kashata moja, analojua huyu nami nalijua tangu asubuhi. Baadaye nikaja kusoma kumbe kuna mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliliandika hilo 1973, kwamba wale aliowachunguza waliopata kazi kwa kujuana, wengi waliambiwa na mtu wanayeonana naye mara mojamoja tu, si rafiki wa chanda na pete. Yeye kapata kwa utafiti, mimi kwa njaa.

Ile ya kuvaa tai kwenda hoteli za Nyali kugawa kadi nilijaribu mara moja. Nililipa elfu mbili nikarudi na kadi 23 na sambusa mbili zimefungwa tishu. Kadi ziko droo mpaka leo.

Sasa kilichofanya kazi. Nilijiuliza mimi nataka nini hasa, maana "kazi yoyote" haina mlango wa kubisha. Nilikuwa navutiwa na rifa, zile kontena za baridi zinazopeleka parachichi nje. Nikachukua daftari la mdogo wangu nikaandika kila mtu anayeligusa lile parachichi mpaka lipande meli: dereva mwenye jenereta, mkaguzi wa mimea, fundi wa rifa, karani wa kampuni ya meli. Nikasema kila mahali natafuta mtu mmoja tu, sitaki kumi.

Fundi nilimpata Changamwe kwenye chai, mtu mzima, namwita ami. Sikumwambia ami nitafutie kazi. Hilo neno linamfunga mtu, kazi hana, aibu inamshika, kesho akikuona anavuka barabara. Nilimuuliza tu kwa nini parachichi zingine zinafika kule zimeshaiva. Wallahi chai yake ilipoa. Akanieleza tunda linavyopumua hata likishachumwa, na jinsi dereva akizima jenereta njiani kubana dizeli, baridi ikavurugika masaa machache tu, hutajua kitu Mombasa, utajua meli imeshafika na mnunuzi amekataa mzigo. Saa nzima hiyo, na nilichomuuliza ni swali moja.

Wiki mbili baadaye shemeji yake akawa na gari limekwama kwa ajili ya karatasi, nikamsomea zile karatasi nikamuonyesha kosa liko wapi, sikuchukua hata shilingi. Sio kwamba nilikuwa na hesabu, ah, sitadanganya, kidogo nilikuwa nayo.

Mwaka uliofuata kuna mtu alimwambia ami anatafuta kijana anayejua karatasi za forodha na asiyeona rifa kama friji kubwa tu. Jina langu likatajwa. Yule mtu simjui, ami mwenyewe alikuwa amemtengenezea mtambo mara mbili tu, na ndiye niliye naye kazini mpaka sasa.

Ijumaa nampelekea ami haluwa nusu kilo. Kuna kijana wa Likoni ananisumbua nimpe namba ya ami, nimemwambia angoje, lazima nimuulize ami mwenyewe kwanza, na yeye kijana aniambie swali gani anataka kwenda kuuliza.