Usiku wa Matuta Gayfield

Saa kumi na moja jioni Mzee alikuwa ameshafika mlangoni kwangu. Mechi ilikuwa ianze saa mbili kasorobo usiku, na kutoka mtaani kwetu hadi uwanjani ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Shingoni alikuwa na skafu yake ya sufu ya rangi ya damu ya mzee, ile iliyochakaa ncha zote mbili, na mfukoni pipi za mnanaa za kutosha watu wanne.

"Binti, twende."

"Mzee, bado karibu saa tatu."

"Najua. Nyumbani nimeshindwa kukaa."

Mimi pia nilikuwa nimeshindwa. Wali nilioupika ulibaki kwenye sahani vilevile. Nikavaa koti, tukatoka.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 13 Mei 2022. Arbroath, timu ya mji mdogo wa wavuvi mashariki mwa Uskoti, ilikuwa inarudiana na Inverness Caledonian Thistle katika mchujo wa kupanda Ligi Kuu. Jumanne ya wiki ile ile, huko Inverness, zilikuwa zimetoka suluhu. Atakayeshinda leo angebakiza kikwazo kimoja tu, fainali ya mchujo.

Mzee ni jirani yangu wa nyumba ya pili. Jina lake analo, na watu wa huku huitana kwa majina bila kujali umri, lakini ulimi wangu uligoma kumwita hivyo mtu anayelingana na baba yangu. Nikamfundisha neno Mzee, akalipenda. Mara ya mwisho Arbroath kucheza daraja la juu ilikuwa msimu wa 1974-75, na yeye alikuwa kijana ambaye hajaoa. Mwaka 1974 alikuwepo Ibrox siku Arbroath ilipowafunga Rangers 3-2 nyumbani kwao. Habari hiyo nimeisikia mara nyingi hata naweza kukuonyesha kwa kidole mahali aliposimama. Mwaka 1975 timu ikashuka. Alikuwa anasubiri tangu hapo, miaka 47.

Mimi nilihamia Arbroath mwaka 2018 kufuata kazi ya kuhudumia wazee. Ukiwaambia watu wa mji huu kwamba hujui habari za timu yao, jambo la kwanza watakalokueleza ni 36-0. Tarehe 12 Septemba 1885 Arbroath iliifunga Bon Accord ya Aberdeen mabao 36 kwa bila, na mchezaji mmoja, John Petrie, akafunga 13 peke yake. Nilidhani wananitania mpaka nilipojisomea mwenyewe.

Lakini kilichonivuta mimi ni bahari. Nimezaliwa Tanga. Uwanja wa timu, Gayfield, umejengwa ufukweni kabisa, ng'ambo ya ukuta ni Bahari ya Kaskazini, na siku ya bamvua yenye dhoruba mawimbi hupiga mpaka chumvi ikakufikia mdomoni ukiwa umesimama jukwaani. Timu yenyewe hujiita kwa jina la taa nyekundu iliyokuwa ikiwaongoza wavuvi kuingia bandarini usiku. Mjini wanabanika samaki aina ya haddock: wanawafunga wawili wawili kwa mikia, wanawatundika juu ya moshi wa kuni ngumu, kisha wanafunika pipa kwa magunia yaliyoloweshwa. Siku ya kwanza nilipoisikia harufu ile nilisimama katikati ya njia, nimekamata mikoba yangu, nikamkumbuka bibi.

Na mpira wa timu ndogo ya pwani nilikuwa naujua. Marehemu baba alikuwa Coastal Union wa kufa na kuzikana. Coastal ilipochukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988 nilikuwa na miaka minane, na nakumbuka akinipitisha mitaa ya Ngamiani nikiwa mabegani mwake, watu wote wako nje. Baada ya hapo alikula hasara za miaka mingi. Alikuwa na desturi moja. Coastal ikifungwa, hakubali mtu wa nyumba yake alale kabla hajaoga. "Usilale na kufungwa mwilini," alikuwa akisema. "Kaoge." Alipofariki nilijiambia sitaishika timu nyingine, sitaki tena. Halafu Mzee akaja kugonga mlango Jumamosi moja ya baridi akiwa na tiketi ya ziada.

Sasa, msimu wa 2021-22. Lazima nieleze kidogo ili mtu aelewe uzito wa usiku ule. Wachezaji wa Arbroath walikuwa na kazi zao nyingine na wakifanya mazoezi jioni baada ya kazi. Bobby Linn, winga aliyependwa kuliko wote, alikuwa mzoa taka. Kocha Dick Campbell, na kofia yake ya bapa, alikuwa akisaidiwa na ndugu yake pacha, Ian. Aliichukua timu mwaka 2016 ikiwa daraja la nne, wakatwaa ubingwa wa daraja hilo mwaka 2017, wa daraja la tatu mwaka 2019, na sasa walikuwa daraja la pili wakigombania ubingwa na Kilmarnock, timu yenye wachezaji ambao mpira ndiyo kazi yao ya kutwa. Kiungo wetu Michael McKenna ndiye aliyemaliza akiongoza kwa mabao katika ligi nzima. Kila Jumamosi tulikuwa tunasubiri tuanguke, na hatukuanguka. Kwenye foleni ya mkate watu walianza kuongelea Celtic na Rangers kuja Gayfield kwa sauti ya chini, kama watu wanaoongelea mimba changa.

Tarehe 22 Aprili tulikwenda Kilmarnock. Tukatangulia kufunga, wakarudisha, na mwishoni kabisa mwa mchezo Blair Alston akafunga la pili. Ubingwa ukabaki kwao. Hilo sina nguvu ya kuliongea zaidi.

Ndipo ikabaki njia ya mchujo, na Ijumaa ile.

Tulisimama pale tunaposimama siku zote, karibu na kibendera cha kona. Uwanja ukajaa taratibu. Nilimwona muuza duka la dawa, nikamwona dereva wa basi la asubuhi, nikamwona mama mmoja ambaye mzazi wake nilimhudumia mpaka dakika yake ya mwisho. Yule mama alinishika mkono akauminya, akaenda zake. Mzee alininunulia pai ya nyama, nikaishika tu kwa ajili ya joto lake.

Sitasema ilikuwa mechi nzuri. Miguu ya pande zote mbili ilikuwa mizito. Mpira ukipigwa juu unayumba, watu wanagongana vichwa, unatoka nje. Kila ulipofika karibu na lango lao nilimshika Mzee mkono wa koti, na kila ulipofika letu alinishika yeye.

Kisha wao wakapewa kadi nyekundu. Gayfield ukalipuka. Mtoto wa mbele yetu, aliyesimamishwa juu ya kreti, nusura aanguke kwa kurukaruka. Mzee hakushangilia.

"Sasa wataweka ukuta," alisema.

Baadaye wakapewa ya pili. Tisa! Watu tisa dhidi ya kumi na mmoja, kwetu, mbele ya watu wetu. Hapo moyo wangu ukatangulia mbele ya miguu ya wachezaji. Nikaanza kupanga fainali: nani nitabadilishana naye zamu, nauli ni kiasi gani, Mzee atavaa nini kwenye baridi. Niliona kabisa uso wake siku ya kwanza ya Ligi Kuu.

Ambaye hajawahi kutazama timu yake ikicheza na watu tisa hajui ile adha. Wanane wanajipanga mbele ya kipa wao, mlango hauonekani, na wewe unabaki kumwaga krosi. Na krosi ya Gayfield ni mali ya upepo. Tulimwaga krosi, tukapiga kona, tukapiga mashuti yakagonga miguu, matumbo, migongo. Wale wageni walijitupa mbele ya kila mpira. Usiku ule niliwachukia kwa dhati, lakini kwa haki lazima niseme walipigana kiume, na mtu wa timu ndogo anapaswa kuijua kazi ya namna ile anapoiona. Giza lilikuwa limeshaingia, taa zimewaka, na dakika 30 za nyongeza zikaisha. Hakuna bao.

Matuta.

Mzee alifungua pipi ya mwisho, akaikata kwa meno, akanipa nusu. Mimi nikageukia ukuta. Sikuangalia hata tuta moja, kwa hiyo ninachokumbuka ni sauti. Wageni wakifunga, shangwe inatokea mbali, nyembamba, upande mmoja tu. Wetu wakifunga, inapanda kutoka miguuni na kunipitia kifuani. Mbali, karibu. Mbali, karibu. Nyuma ya ukuta nasikia maji. Halafu ikaja sauti isiyo hii wala ile, kama mji mzima umevuta pumzi kwa pamoja ukasahau kuitoa.

Mmoja wetu alikuwa amekosa. Sitamtaja. Mzee naye, mpaka leo, hajawahi kulitamka jina lake akizungumzia usiku ule, na akizungumzwa na mtu mwingine hubadilisha mada.

Wageni walifunga yote matano. 5-3.

Wachezaji wetu walilala chali kwenye nyasi. Nilimtazama Mzee nikiogopa kitu gani nitakiona. Alikuwa amevua kofia, ameibana kwapani, anapiga makofi. Polepole, bila kukatiza. Alipiga mpaka mchezaji wa mwisho alipoingia ndani, na viganja vyake vilikuwa vyekundu. Mimi nilijaribu kupiga, mikono ikakataa, nikalia. Yule mtoto wa kreti alikuwa amelala begani kwa baba yake, uso umelowa.

Hatukurudi kwa njia ya mkato. Tulifuata ukuta wa bahari kuelekea bandarini. Mbali baharini taa ya mnara wa Bell Rock ilikuwa inawaka na kuzima, kama ilivyofanya tangu 1811. Mzee akasimama, akaegemea ukuta.

"Nilitaka uione daraja la juu, binti," akasema. "Mimi nilishaiona."

Sikuweza kumjibu. Msimu mzima, kila bao, kila dua niliyopiga kimya kimya nikiwa jukwaani, nilikuwa naomba kwa ajili yake yeye, kwa sababu ya umri wake na ile miaka 47. Haikunipitia akilini hata mara moja kwamba naye alikuwa anaomba kwa ajili yangu. Nilimshika mkono tukatembea hivyo mpaka nyumbani. Njiani nikamsimulia ile desturi ya baba. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Maji ya moto au ya baridi?"

"Ya kisimani, Mzee. Ya baridi."

Akatikisa kichwa, akaingia kwake.

Tanga ilikuwa imeshapita saa sita usiku, lakini mdogo wangu alikuwa macho anasubiri simu.

"Dada, shikamoo. Pole. Nimesoma. Ni kweli walikuwa tisa?"

"Marahaba. Tisa."

"Subhanallah." Akanyamaza kidogo. "Dada, umeshaoga?"

Nikaoga saa saba usiku kwa maji ya baridi ya Uskoti, nikitetemeka, na yote niliyoyazuia mbele ya Mzee yakatoka humo bafuni.

Inverness walifika fainali, wakafungwa na St Johnstone. Arbroath, miaka miwili baadaye, ikashuka daraja la tatu, na mwaka 2025 ikapanda tena kama bingwa. Mambo hayo yana siku zake. Ninayotaka kuimalizia ni siku moja ya Julai mwaka ule ule.

Wiki saba baada ya usiku wa Gayfield, tarehe 2 Julai 2022, Coastal Union ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam dhidi ya Yanga, Arusha. Nilimwambia Mzee kwa kupita tu. Siku ya siku, mchana, nikasikia mlango. Alikuwa amevaa skafu ya damu ya mzee katikati ya kiangazi. Akakaa jikoni kwangu, simu tukaiegemeza kwenye birika, na mdogo wangu akatuonyesha mechi kutoka kwenye televisheni ya nyumbani, picha ikikatika kila mara. Abdul Suleiman Sopu alifunga mabao matatu peke yake siku hiyo. Mzee alijifunza jina lake akawa analiita vizuri kuliko majirani zangu wanavyoita langu. Lakini Yanga nao walifunga matatu, ikawa 3-3, dakika za nyongeza zikaisha, na refa akaelekea langoni.

Mzee aliinuka bila neno, akatoka nje bustanini.

Ilipokwisha nilimkuta ameinama, ameupa mgongo mlango, anang'oa magugu ambayo mimi sikuwa nayaona.

"Enhe?"

"Nne kwa moja, Mzee. Yanga."

Aliendelea kuinama kitambo. Kisha akajinyoosha, akapangusa mikono kwenye suruali, akanitazama.

"Basi kaoge, binti," akasema. "Na mimi naenda kuoga."