Nilienda Likoni kudai deni nikakuta na mimi nadaiwa

Haya mambo nimekaa nayo moyoni muda, naandika sasa manake juzi dada mmoja baada ya ibada aliniuliza, Mama Wakio, wawezaje kukaa benchi moja na mtu aliyekula pesa zako? Nikamwambia ni hadithi ndefu, na pale mlangoni pa kanisa sio mahali pake. Basi hii hapa.

Mi nauza mahamri na mbaazi huku Kisauni, Mombasa, si mbali na Kengeleni. Naamka saa tisa na nusu usiku, nakuna nazi, nainjika mbaazi, nasukuma donge nililolikanda jana yake jioni, saa kumi na moja na nusu kastoma wa kwanza washafika, wengi wao vibarua wanaokimbilia gari za mapema. Wakati huo, 2019, hamri ilikuwa shilingi 10 na faida yake haifiki hata shilingi 4. Naandika hivi ili ujue shilingi 18,000 kwangu ni nini. Ni mahamri elfu nne na zaidi. Ni mikono.

Sasa mwezi wa kwanza mwaka huo dada mmoja wa kanisani, nitamwita Mama Neema ingawa sio jina lake, alikuja kwangu jioni akilia. Kijana wake amepata kidato cha kwanza, mumewe hana kitu, skuli inataka karo na godoro na sanduku na kila kitu. Mi nilikuwa nimetoka kupokea zamu yangu ya chama, kile cha akina mama kuchangiana pesa, nataka kununua friji ili niuze na juisi ya ukwaju. Nikamuonea huruma, nikampa zote 18,000, tukakubaliana mwezi wa nne atarudisha. Hatukuandikiana. Dada wa kanisani, tumeimba pamoja, tumezikiana wazazi, utamuandikisha vipi?

Mwezi wa nne ukaja ukapita. Wa tano nikampigia, akasema nivumilie kidogo. Wa sita simu ikawa haishikwi. Kisha nikasikia wamehama Kisauni wameenda ng'ambo, Likoni, ila Jumapili bado anakuja kwetu kusali, na siku hizo akiniona anapitia mlango wa pembeni. Hapo ndo moyo wangu uliingia giza. Ile pesa niliweza kuisahau hata siku mbili tatu nikiwa na kazi nyingi, lakini ule mlango wa pembeni, jamani, ule ulinichoma.

Nikaanza kusema. Kwanza nilimwambia shoga yangu mmoja, halafu wa pili, halafu siku moja kwenye mkutano wa akina mama, tulipokuwa tunaongea habari ya kusaidiana, nikasema mbele ya wote kuna watu hapa wanakula jasho la wenzao halafu wanakuja kuinua mikono. Sikutaja jina. Lakini kila mtu alijua, na mi nilijua kwamba wanajua, na nilijisikia vizuri. Lazima niseme ukweli huo, nilijisikia vizuri sana siku ile.

Ilipofika pale kasisi anaposema tupeane amani ya Bwana, mi nilikuwa nageukia upande wa pili. Miezi mitatu nilifanya hivo. Nashika mkono wa mtoto, wa mzee, wa mgeni nisiyemjua kabisa, wa huyu dada siushiki. Na nikirudi nyumbani nampelekea Bi Saumu, jirani yangu Mwislamu, mahamri yaliyobaki, naye Ramadhani hunitumia futari, viazi vya nazi na kaimati, sahani haijawahi kurudi tupu miaka tisa sasa. Watu wa mbali husikia Mombasa wakadhani kazi yetu kubwa ya upendo huku ni Mkristo na Mwislamu. Kwangu mimi kumpenda Bi Saumu hakujawahi kuwa kazi. Kazi ilikuwa huyu wa benchi la tatu, anayeimba wimbo mmoja na mimi.

Nilijaribu kuomba. Nilikuwa naomba Mungu mbariki Mama Neema, na maneno yanatoka mdomoni kabisa, lakini nikimaliza tu amina namkumbuka tena na ule mlango wa pembeni. Nilifunga Ijumaa mbili, nikashinda na njaa na hasira juu yake. Nilikuwa nangoja moyo ulainike kwanza ndo nifanye kitu, na moyo haukulainika.

Kilichonigeuza ni somo la Jumapili moja, Mathayo 5. Mnalijua lile la mtu anayeleta sadaka yake madhabahuni halafu akakumbuka. Nimelisikia tangu utotoni kule Taita, na siku zote nilikuwa nalisikia kama vile linasema, ukikumbuka una neno na ndugu yako, enda. Siku ile nina bahasha ya sadaka mkononi, nafuatisha kwenye Biblia kwa kidole, nikaona sio hivo. Limeandikwa ndugu yako ana neno juu yako. Yeye juu yangu! Nikasoma mara tatu. Nikajiuliza, Mama Neema ana neno gani juu yangu? Mi ndo nadai, mi ndo nimeibiwa, yeye ana neno gani? Sadaka nikaitoa tu siku hiyo, sikuwa na ujasiri wa kuiacha, lakini ile sentensi ikanifuata mpaka jikoni.

Jioni nikamhadithia Bi Saumu kibarazani. Yeye ni mtu wa maneno machache. Akaniambia kwao mdaiwa akiwa na dhiki hupewa muda mpaka apate, akaniuliza, "We mwanangu, huyo mwenzio yuko na dhiki ama yuko na jeuri?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Miezi yote hii hujui?" Basi akaendelea kuchambua mchicha wake.

Kweli sikujua. Sikuwahi kumuuliza.

Jumatatu iliyofuata nilifunga biashara mapema, nikapanda matatu mpaka feri, nikavuka. Nilikuwa nimebeba mahamri kumi kwenye mfuko wa karatasi na mbaazi kwenye kibakuli cha mfuniko, wala sikujua kwa nini nimeyabeba, nafikiri nilitaka mikono iwe na kitu. Kwenye feri nilisimama pale mbele penye geti, mvua ya manyunyu, watu tumebanana na mikokoteni na mabaiskeli, na nilikuwa nimepanga maneno yote ya kumwambia, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ng'ambo nikachukua tuktuk mpaka Shika Adabu, nikaulizia ulizia.

Nilimkuta anafua nguo za watu. Beseni tatu. Aliponiona alisimama akajifuta mikono kwenye leso, hakukimbia, hakuwa na mlango wa pembeni pale. Chumba kimoja, mumewe amelala mchana kweupe na shati la kazini bado linaning'inia msumarini. Yule baba alikuwa fundi wa mataya ya malori kule Miritini, na kama mlikuwa Mombasa mwaka ule mnakumbuka, makontena yalilazimishwa kupakiwa kwenye SGR, ile reli mpya, malori yakapungua barabarani, watu wakaandamana, na walioumia sio wenye malori peke yao, ni mpaka mama wa chai na fundi wa pancha. Mi mwenyewe nilikuwa naona habari hizo kwa simu, lakini sikuwahi kuziunganisha na deni langu.

Nikasema nimekuja tuongee. Akanipa kigoda. Nilitarajia aombe msamaha, nilikuwa nimeshajiandaa kumpa. Badala yake akaniangalia usoni akasema, na haya maneno nayakumbuka moja moja, "Mama Wakio, pesa zako najua nadaiwa, nikilala nazihesabu. Lakini ulinisema mbele ya akina mama, na mtoto wa fulani akamwambia mwanangu skuli kwamba godoro analolalia ni la wizi. Likizo alirudi akaniuliza, mama ni kweli?"

Sikuwa na neno. Yale yote niliyoyapanga kwenye feri yalikufa pale pale. Mbaazi iko mapajani inapoa. Kumbe ndo hilo, ndo neno alilokuwa nalo juu yangu, na lilikuwa kubwa kuliko 18,000, manake 18,000 zinaweza kurudi.

Nikapiga magoti. Sio kwamba mi ni mnyenyekevu, miguu ilikataa tu. Nikamwambia nisamehe. Yeye hakusema nimekusamehe. Alisema, "Haya, simama, utalowa." Akaenda akaleta sahani, tukala yale mahamri wawili, na mumewe akaamka akala matatu. Hatukuomba pamoja wala hatukukumbatiana, na nilirudi nikiwa nimechoka kama nimepakua mizigo.

Sasa kuomba radhi Shika Adabu hakutoshi, manake maneno niliyamwaga Kisauni. Hiyo ndo ilikuwa ngumu kuliko kuvuka feri. Kwenye mkutano uliofuata niliomba dakika tano, nikasimama mbele ya wale wale, nikasema mwezi ule nilisema neno juu ya mwenzetu, nilimuaibisha na mtoto wake kwa jambo ambalo lilikuwa langu na yeye, na sikujua hali yake manake sikuuliza, naomba mliolibeba mliweke chini. Kukawa kimya. Mama mmoja akasema lakini kweli si alikopa? Nikasema ndio alikopa, na atalipa, na hilo ni letu wawili. Nikakaa. Mwili wote unatetemeka. Tangu siku ile mtu akianza kumtaja mbele yangu namwambia mamangu tuongee mengine, na wengine wamenuna, sawa tu.

Tukaketi mimi na yeye tena, safari hii tukaandika. Sikumsamehe deni, na naona nieleze hapa manake kuna watu hudhani upendo wa Kikristo ni lazima ufute kila kitu, na ukidai wewe sio wa Kristo. Mi sina uwezo wa kufuta 18,000, nina watoto, na yeye mwenyewe hakutaka nifute, alisema nikifuta atashindwa kuniangalia. Tukakubaliana anatuma anachopata, na mi sitamuuliza Jumapili wala kanisani hata siku moja, nitamuuliza tarehe 10 kwa simu, kwa heshima, na kama hana aseme hana, asizime simu. Alianza na 500. Mwezi mwingine 300. Kisha ikaja Corona, kanisa likafungwa mwezi wa tatu 2020, kafyu ya saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, kastoma wangu wa mapema wakaisha, na yeye nguo za kufua zikaisha, watu hawataki mtu wa nje aguse nguo zao. Miezi mingi hakutuma kitu. Ila kila tarehe 10 simu ilishikwa. Tulikuwa tunaongea dakika mbili, leo mmekula nini, sisi uji, sisi muhogo, na mi nikikata simu sikuwa na ile giza.

Haijaisha. Nikimuona na leso mpya bado kuna kitu kidogo kinanidunga, nasema hiyo si ingekuwa 600 yangu, na lazima nijishike. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba upendo hauhesabu mabaya, na mi ni mtu wa hesabu, kila siku nahesabu unga, mafuta, sukari, iliki, kwa hiyo hilo neno naliomba karibu kila wiki. Siombi tena nijisikie nampenda. Naomba mdomo wangu na mikono yangu. Mdomo ukae. Mikono, Jumapili asubuhi natoa mahamri sita ya kwanza, yale yaliyovimba vizuri, nayafunga kwenye karatasi kabla sijauza hata moja, nampelekea kanisani. Na ile amani ya Bwana namfuata mimi mpaka benchi lake.

Hapa Kengeleni tuna ile kengele ya zamani, ya wale watumwa walioachiliwa huru wakaletwa Frere Town kuanzia miaka ya 1870. Napita pale kila siku na siku hizi nawafikiria sana. Walitoka kabila mbalimbali, Wayao, Wamakua, Wanyasa, mtu hana mama hana shangazi, wakaanza kuishi pamoja na kuitana ndugu. Sisi tunaitana dada, dada, kila Jumapili mpaka neno limekuwa kama salamu tu.

Mpaka mwezi huu amebakisha 6,500. Anayenisumbua sasa ni yule kijana. Kidato cha nne alimaliza 2022, ni mrefu, anafanya vibarua vya ujenzi, wakati mwingine anamsindikiza mamake kanisani. Nilishamwomba radhi, nikasimama naye chini ya mwarobaini nikamwambia lile neno la godoro lilianza kwangu. Akasema, "Sawa, mama," akaangalia barabarani. Mpaka leo ananisalimia kwa kichwa tu. Simlazimishi. Mwezi uliopita niliongeza mahamri yakawa kumi, sita ya mamake na manne yake, na yake nayafunga peke yake. Jumapili jana aliyapokea kwa mkono wake mwenyewe.