Masaa 12 barabarani kwenda kuchomwa mwiba

Kidole changu cha shahada mpaka leo hakikunji sawasawa, na hii ni wiki ya tatu, kwa hiyo mkikuta herufi zimerukwa humu mjue sababu.

Mimi mtoto wa Tanga, nimekulia Sahare, ila sasa naishi Atlanta, mji ambao ukitaka kuona bahari unaendesha masaa manne. Kuzamia na mtungi nimejifunzia hukuhuku ukubwani, kwenye bwawa la kuogelea lenye harufu ya dawa, halafu mtihani nikaumalizia kwenye chemchemi za kaskazini mwa Florida, maji ya baridi mpaka meno yanagongana. Nyumbani mtungi ni mambo ya watalii wa hoteli, sisi tulikuwa tunazama kwa pumzi na miwani tu. Sasa ukishapata cheti unaanza kutafuta sababu ya kukitumia, maana hela imeshaenda, ndipo rafiki yangu mmoja Mkenya wa Kilifi akanitumia meseji ya usiku, "Bwana, kuna watu wanataka wazamiaji wa kujitolea kuua samaki simba Florida, twende?" Nikajibu twende kabla sijauliza bei. Hilo ndilo kosa la kwanza.

Samaki simba mnamjua hata kama jina hamlijui. Yule mwenye milia myekundu na myeupe, mapezi yametawanyika kama jogoo aliyekasirika. Kwetu tulikuwa tunaambiwa tu usimguse, basi, hakuna somo zaidi ya hapo. Kwao ni huku kwetu, Bahari ya Hindi, Bahari ya Shamu mpaka Pasifiki. Upande wa Atlantiki hakuwepo kabisa. Wa kwanza kuripotiwa alionekana 1985 karibu na Dania Beach, kaskazini kidogo ya Miami, na inavyoaminika ni watu waliochoka kuwafuga kwenye matangi ya vioo wakaona isiwe tabu, wakawamwaga baharini. Leo wamejaa Karibiani nzima. Jike mmoja anataga mayai kama milioni mbili kwa mwaka, na samaki wadogo wa kule hawamjui kama ni adui, wanamkodolea macho mpaka anawameza.

Tuliondoka saa tisa usiku na gari ya kukodi. Njia sina la kusema, ni lami na malori tu, ila zile barabara za kulipia za Florida ziogopeni, nyingi hazina kibanda wala mtu wa kupokea hela, kamera inapiga picha namba ya gari na bili inakuja baadaye kupitia kampuni ya magari, nao wanaongeza chao cha juu. Tulifika Key Largo, kisiwa cha kusini kabisa mwa Florida, saa tisa mchana macho mekundu. Moteli dola 260 kwa usiku mmoja! Chumba chenye harufu ya zulia lililolowa, feni inalia kama mashine ya kusaga, na nje kwenye ukuta limekaa ligonda la kijani, mjusi mkubwa, linatutazama kama mwenye nyumba. Eti na hayo nayo ni wageni wavamizi, yameletwa. Mkilifi akasema hapa kila kitu ni mgeni isipokuwa bei.

Jioni tukafanyiwa semina. Waliotupokea ni watu wa kujitolea, na kwenye mambo haya Key Largo ndiyo yenyewe, ndiko kuna ofisi za REEF, lile shirika ambalo tangu 1993 linawatumia wazamiaji wa kawaida kuhesabu samaki, na tangu 2009 linaendesha mashindano ya kuvua samaki simba. Kuhesabu kwenyewe kulinifurahisha kuliko kuua. Unashuka na kibao cha plastiki na penseli, kila samaki unayemtambua unaandika jina na herufi moja: mmoja tu, wachache yaani wawili mpaka kumi, wengi mpaka mia, au tele kuzidi mia. Hakuna kuandika namba kamili. Nikamkumbuka mjomba wangu anavyohesabu pale mnadani, ndoo moja, ndoo nusu, tenga. Tofauti ni kwamba hesabu ya mjomba inaishia tumboni na ya hawa inaishia kwenye kompyuta, mtu akitaka kujua mwamba fulani ulikuwaje miaka ishirini nyuma anafungua anaona. Nani ana karatasi ya mwamba wa Sahare wa mwaka niliozaliwa?

Pale kwenye semina ndipo nilipojitia maneno. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kimarekani, umri wa kama miaka sabini hivi, mwembamba, ngozi imekaushwa na jua, yeye ndiye mkuu wa meza ya kupimia. Akaanza kueleza miiba, kwamba iko 18 na yote ina sumu, 13 mgongoni, miwili chini ya kifua, mitatu nyuma karibu na mkia. Na mimi nikanyoosha mkono, nikasema mama, mimi natokea huko anakotoka huyu samaki, nimekulia naye. Watu wakageuka. Mkilifi akaniambia kwa Kiswahili "umekulia naye lini wewe, si ulisema ulikuwa unauza visheti?" Bibi akatabasamu tu, akasema wengi wa hawa waliopo huku ni yule wa Pasifiki, wa kwenu wamo ila ni wachache, na huwezi kuwatofautisha kwa macho mpaka upime vinasaba. Basi nikakaa chini.

Kesho yake tukatoka na boti, dola 120 kila mtu na mtungi wa pili ni juu yako. Kapteni hasemi anakwenda wapi, wenye kazi hii wanaficha mahali pao kama wavuvi wa pweza wanavyoficha mapango. Maji ya Agosti ni ya moto, unaingia hata hushtuki. Tulishuka mita kama ishirini na tano, chini kuna mwamba wenye vibaraza, na nikiri kwamba nilipozungusha macho nilihisi niko kwetu, wale pono wanaguguna mawe unasikia kabisa kru kru, halafu unatazama vizuri unaona hakuna hata samaki mmoja unayemjua kwa jina, ni kama kuingia msibani ukakuta sura zinafanana na za ndugu zako lakini ukoo mwingine.

Mchana mara nyingi samaki simba hawindi, amejificha chini ya kibaraza, wakati mwingine kichwa chini miguu juu, ningesema miguu kama angekuwa nayo. Wa kwanza nilimkuta ametulia tu. Hakimbii! Unamsogelea anatanua mapezi, anakugeuzia mgongo wenye miiba, anasubiri ukimbie wewe. Mkuki wetu ni fimbo fupi ina raba nyuma na meno matatu mbele, unavuta raba, unasogea mpaka karibu unamgusa, unaachia. Nilikosa mara mbili na yeye akahama futi moja tu, akatulia tena, yaani kama ananidharau. Ya tatu nikampata. Halafu unamsukumiza kwenye bomba la plastiki lenye mdomo wa faneli, anaingia ukivuta mkuki anabaki humo, mkono wako haumgusi. Mimi nilipata wanne, Mkilifi saba na ameniimbia hizo saba njia nzima ya kurudi. Kila mmoja tuliandika kina na mahali.

Siku ya pili upepo, mawimbi, nimetapika. Tuiache.

Sasa twende kwenye meza. Jioni ya siku ya pili timu zote zinaleta samaki, wanapimwa kwa rula kutoka mdomo mpaka mkia, na zawadi ni tatu: waliovua wengi, aliyevua mkubwa, na aliyevua mdogo kuliko wote. Ya mdogo nilicheka, kumbe maana ipo, ukiua kile kitoto hakijafika hata urefu wa kidole umezuia mamilioni ya mayai. Na mimi nilikuwa nacho kimoja, kidogo, nilichokipata kabla sijaanza kutapika, nikawa nakiangalia kwenye kulboksi kama mtu anavyoangalia tiketi ya bahati nasibu. Nikaona kimezama chini ya barafu, wakubwa wamekilalia. Nikaingiza mkono. Glavu nimezivua, kwa sababu glavu zinateleza na samaki si wamekufa tangu asubuhi.

Jamani.

Mwanzo ni kama sindano, ukasema aa, kawaida. Dakika mbili mbele ni kama mtu ameweka kidole chako kwenye mlango na anaufunga polepole, anafungua, anafunga tena. Maumivu yanapanda mpaka kwapani. Jasho la baridi, magoti yanalegea, nikawa nasema "niko sawa" kwa lugha tatu. Bibi hakushtuka hata kidogo. Aliinama chini ya meza akatoa chupa ya chai, ile ile ya kwetu ya kumiminia chai wageni, akamimina maji ya moto kwenye bakuli, akachovya kwanza mkono wake kupima, akaniambia weka. Kumbe hiyo sumu ni protini, joto linaiharibu, maji ya kama nyuzi 45, yakipoa anaongeza mengine. Nilikaa pale na kidole kwenye bakuli saa nzima na robo kama mtoto anayetahiriwa, yeye huku anapima samaki wa watu, kila baada ya muda anasema bila kuniangalia, "Aliyekufa anachoma vilevile, mwanangu, nilisema juzi wakati unaeleza ulivyokulia nao."

Mkilifi ndiye aliyenimaliza. "Pole sana. Lakini kama wengi ni wa Pasifiki basi umechomwa na Mfilipino, si ndugu yako."

Na kale kadogo hakakushinda, kuna binti alikuwa na kadogo zaidi.

Baadaye walipasua matumbo kuonyesha walichokula. Ndani ya mmoja tu mlikuwa na vitoto vya samaki sita na kamba mmoja, wengine wazima kabisa, macho yanang'aa. Halafu wakapika. Kuna wa mbichi wa kukamuliwa ndimu, hapo nikasema hapana, mimi samaki asiyeona moto simjui. Nikala wa kukaanga: mnofu mweupe, laini, kama changu, kasoro pilipili tu. Ukishamkata miiba hana neno.

Usiku kidole kimevimba kama muhogo, nikampigia mjomba Tanga, kule kumeshakucha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mbona usiku wa huko?"

Nikamweleza yote. Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Kwa hiyo umelipa hela, umeendesha gari usiku kucha, kwenda kumfuata samaki ambaye sisi akiingia kwenye nyavu tunamtoa kwa fimbo?"

Nikamwambia huku wamezidi, wanamaliza samaki wengine. Akasema kwetu hawazidi, wapo mmoja mmoja, chewa wakubwa wanawala, ingawa na chewa wenyewe siku hizi mpaka uende mbali. Nikamuuliza mwamba wa mbele ya kwetu ukoje sasa. Akasema ule si ulipigwa baruti wewe ungali shule, umesahau? Sijasahau. Tulikuwa tunasikia mlio darasani na mwalimu anaendelea tu kuandika ubaoni.

"Huko kilo wanauzaje?" mjomba akauliza.

Nikapiga hesabu kutoka kwenye paundi, ule uzito wao wa karibu nusu kilo, nikamtajia kwa shilingi. Akanyamaza tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi, nikasikia anamwambia mtu pembeni, "Eti yule wa miiba." Kisha akarudi kwenye simu akaniomba hela ya injini.

Bili ya barabara imekuja jana, dola 61.