Nilivyozipatia sifa za Kijerumani

Natembeza wageni Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Nilipotafsiri kipeperushi changu kutoka Kiingereza kwenda Kijerumani, sifa, yaani vivumishi, zilinitoa jasho. Kiingereza ni old (-a zamani) tu popote. Kijerumani kina alter, alte, altes. Nikabandika alte kila mahali, mgeni akanisahihisha karibu kila mstari.

Dawa niliipata kwenye ngeli zetu. Si tunasema mlango mpya, jengo jipya? Sifa hufuata nomino! Basi nikaanza kwa kuandika jinsia ya kila nomino: ein alter Baum (mti, jinsia ya kiume), eine alte Tür (mlango, ya kike), ein altes Haus (nyumba, isiyo ya kiume wala ya kike). Na baada ya mit einem au mit einer, sifa huishia -en: mit einer geschnitzten Tür, yaani yenye mlango wa nakshi, na milango hiyo ndiyo fahari yetu. Mgeni aliyefuata alikisoma bila kusita.