Mgagani: mboga iliyo dawa

Mvua za kwanza zikishanyesha, mgagani huchipua wenyewe kwenye mazizi ya zamani, kandokando ya mashamba na popote palipotupwa taka za jikoni, kwa kuwa hupenda ardhi yenye rutuba na jua kali. Ni mmea wa asili ya Afrika. Watu wa Pwani, Wakisii wanaouita chinsaga na Wajaluo wanaouita dek huujua kwanza kama mboga. Kwangu mimi ni dawa inayoliwa na ugali.

Ukilishika shina lake, vidole hunata kwa utomvu wa vinyweleo. Maua yake, meupe au ya waridi, hutoa nyuzi ndefu za zambarau, na jani likipondwa hutoa harufu kali inayokaribia ya haradali. Ukali huo ndio unaofanya majani yaliyopondwa yasuguliwe kwenye paji la uso mtu anapoumwa na kichwa, ila yasikae muda mrefu, maana huweza kuibabua ngozi.

Matumizi yake yanayoheshimiwa zaidi ni ya uzazi. Magharibi mwa Kenya, mama aliyetoka kujifungua hupikiwa majani haya, mara nyingi yakiwa yameungwa kwa maziwa, ili arudishe damu aliyoipoteza. Desturi hiyo ina mantiki, kwani majani yana madini ya chuma pamoja na vitamini A na C. Tatizo liko jikoni: wengi huyachemsha sana na kumwaga maji ili kupunguza uchungu, na vitamini C, ambayo husaidia mwili kufyonza madini hayo, hupotea. Kamulia ndimu mezani, chai isubiri kwanza, na vidonge vya chuma alivyopewa mama kliniki viendelee kumezwa.

Kuhusu kukamulia maji ya majani kwenye sikio linalouma, desturi iliyoenea sana, siungi mkono hata kidogo. Huenda ngoma ya sikio imetoboka, na anayetokwa na usaha anapaswa kupelekwa hospitali.

Wafugaji nao wana lao. Utafiti uliofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 1992 ulionyesha kwamba mgagani hufukuza kupe na hata kuwaua, kwa hiyo magugu haya yakiota malishoni, afadhali yaachwe.